Madarasa Yaliyotazama Barabara

Mwezi uliopita nilikwenda Maguu kumzika Mhandisi Longino, na niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: sikwenda kulia. Nilikwenda kuhakikisha. Nilikaa upande wa wanawake, kwenye benchi la pili, nikanywa chai ya msibani na viazi vitamu, nikaimba nyimbo zote kwa sauti, na ulipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu nikaweka kikombe chini ili nisikie vizuri. Aliyesoma ni mpwa wake. Alitaja shule alizosoma marehemu, watoto aliowaacha, vyama vya kitume alivyovitumikia, kisha akasema marehemu ndiye aliyebuni, kwa akili yake mwenyewe, ile shule ya wasichana ya kule ziwani ambayo wageni hutoka mbali kuja kuishangaa, jinsi madarasa yake yanavyokuwa ya baridi jua likiwaka, bila feni wala umeme. Watu wakaguna kwa kusifu. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanigusa goti. "Kumbe alikuwa mtu mkubwa hivi, baba wa watu," akasema. Nikamjibu, "Mkubwa kweli, mama." Huo ni mdomo. Moyoni nilisema mengine, na hayo mengine ndiyo nimekaa leo kuyaandika, kwa sababu yeye hawezi tena kunikatiza na mimi magoti yamenianza, sijui nina siku ngapi.

Mwaka wenyewe ninaotaka kuusimulia, nikiuhesabu kwa kalenda, ulizidi mwaka kidogo. Ulianzia Novemba ukaishia Desemba ya mwaka uliofuata, lakini moyoni nauhesabu mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha uchoraji ramani nilichokivalisha nailoni kisichafuke, na Mhandisi Longino ndiye mtu wa kwanza aliyekubali kunipa meza. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja pale Mbinga mjini, nyuma ya duka la pembejeo, na harufu ya mbolea ilitufikia mpaka kwenye chai. Meza yake ilikaa dirishani. Yangu ilikaa nyuma ya mlango, hivyo kila mteja aliyeingia alinigonga kiwiko kwanza ndipo akasema hodi. Kupitia ubao uliotutenga na duka nilisikia habari zote za wilaya: kahawa ya nani imeiva, nani kagombana na shemeji yake, bwana shamba gani kahamishiwa Kitura. Mhandisi alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye sauti nzito ya mtu aliyezoea kusoma masomo kanisani, na watu walimpenda. Hata mimi nilimpenda, nikiri. Alikuwa amejenga shule huko milimani kwetu karibu kila tarafa, na zote kwa mtindo mmoja: madirisha madogo, dari ya chini, uso wa jengo ukilipokea jua. "Mtoto akipata jua la asubuhi," alikuwa akisema, "hata hesabu zinamwingia." Kwa milimani ilikuwa kweli tupu. Mtu yeyote aliyesoma Maguu mwezi wa Juni, ukungu umeingia darasani na sweta limetoboka kiwiko, anajua kwamba hapo hakusema uongo.

Kazi ya ziwani ilipokuja alinituma mimi kwa sababu yeye joto hakulipenda. Ilikuwa shule ya bweni, kwenye kijiji kimoja kusini ya Mbamba Bay, majengo mawili ya madarasa kwa kuanzia, na wafadhili walisema wazi wanataka shule isiyokata miti kwa ajili ya kuchomea tofali, na isiyongoja umeme ndipo watoto wapumue. Nilishuka na gari la samaki lililokuwa likirudi tupu, nikapanga chumba nyuma ya duka la Bi Zuhura, mjane ambaye baba yake alitoka Kilwa kuja kuuza nguo akasahau kurudi. Chumba kilitazama magharibi, yaani ziwani. Nikadhani nimepata bahati. Siku ya kwanza, ilipofika saa tisa mchana, nikaelewa kwa nini kilikuwa hakina mpangaji. Ufukwe wetu jua halikupigi mara moja, linakupiga mara mbili, moja kutoka angani na nyingine kutoka majini, na ukuta wa magharibi ukishalishika hauliachii mpaka wakati wa kulala. Godoro lilikuwa la moto, maji ya kwenye ndoo yalikuwa ya moto, rula yangu ya plastiki ilipinda. Bi Zuhura akaja akasimama mlangoni na ungo mkononi. "Chumba hicho mchana hakina mwenyewe, mwanangu," akasema. "Toka, njoo huku kwa watu."

Huko kwa watu kulikuwa ujia mwembamba kati ya nyumba na jiko, umefunikwa kwa makuti yaliyochakaa, umefunguka kusini. Ndiko walikochambulia dagaa, ndiko walikosukana, ndiko tulikolia ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma tukiwa tumekunja miguu mkekani. Upepo ule wa kusini, wenyewe wanauita mwera, uliingia pale kama mtu wa nyumbani asiyebisha hodi. Nilikaa katika ujia ule siku nyingi sana, na kila nilichokuja kukijua kuhusu ujenzi wa nchi ya joto nilikijulia pale, nikiwa na samaki mkononi. Na hapa niseme kosa langu ili nisijifanye malaika. Ramani yangu ya kwanza kabisa, ile niliyoichora wiki ya kwanza, ilikuwa ni shule ya milimani. Madirisha madogo, uso ukilitazama jua. Mkono wangu ulichora kilichokuwa ndani ya mifupa, baridi ya utotoni. Nilimwonyesha Bi Zuhura kwa kujisifu. Akaigeuza huku na huku, akauliza, "Hawa watoto wamekosa nini?" Nikaichana mbele yake, tukacheka wote wawili mpaka wateja wakaja kuchungulia.

Nikaanza upya. Nililaza majengo marefu, kichwa kimoja mashariki na kingine magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni likutane na kuta fupi tu zisizo na dirisha. Kuta ndefu nikazielekeza kusini na kaskazini, na kila moja nikaipa baraza pana, kwa sababu kwetu huku jua halikai upande mmoja: Juni linapita kaskazini, Desemba linahamia kusini. Madirisha nikayafanya mapana, ya kuingiza mwera upande mmoja na kuutolea mwingine. Bati nikalinyanyua juu ya dari, katikati pakabaki nafasi ya hewa ya moto kutokea. Tofali zingekuwa za udongo na saruji kidogo, za kushindiliwa kwa mashine ya mkono na kuanikwa, si za kuchoma. Mwezi wa Februari nikashikwa na malaria. Bi Zuhura alinilaza ujiani, akinifunika na kunifunua, na kila homa ilipopungua nilikaa nikachora mstari mwingine. Alikuwa akininywesha uji wa mtama huku akinisema, "Utakufa na kalamu mdomoni, Wini." Mwalimu Asumta, aliyekuwa ameteuliwa kuwa mkuu wa shule hiyo ambayo bado ilikuwa kichaka, alikuja kunijulia hali, akaiona ramani yote imetandazwa mkekani. Alipiga magoti akaipitia kwa kidole, darasa kwa darasa. Alikuwa Mnyasa, mzaliwa wa palepale, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema tu, "Humu mtoto atasoma."

Jambo la mwisho nililoliweka kwenye ramani ndilo lililonifanya nichekwe kijiji kizima. Kiwanja kilikuwa na mteremko, na mvua za huko zikija huja kwa fujo, zinashuka zote ziwani na kuondoka na udongo, halafu kuanzia Mei nchi inakauka inabaki vumbi. Mmatengo akiona mteremko anaona ngolo. Ni yale mashimo yetu ya milimani: wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari ya miraba, wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuufunika udongo juu ya majani, mlima mzima unakuwa na vishimo, na kila kishimo kinashika maji yake. Nikachora ngolo mteremko wote wa juu ya shule, na katikati yake miti ya matunda na kivuli. Wanyasa walicheka mpaka wakakaa chini. "Hawa wa milimani wamekuja kuzika kuku," walisema. Walinipa jina, Mama Mashimo, na mpaka leo wapo wazee wanaoniita hivyo. Sikukasirika. Kucheka kwao kulikuwa kwa uso kwa uso.

Machi nilipanda Mbinga nikaitandaza ramani juu ya meza ya Mhandisi. Aliitazama muda mrefu. "Binti," akasema, "hii ni kazi." Akanipa mkono. Akatuma nje ziletwe soda mbili na maandazi, tukala tukiwa tumesimama, na mimi nilirudi kwenye chumba changu cha Mbinga nikitembea kama mtu aliyeposwa. Naikumbuka furaha hiyo kwa aibu. Wiki iliyofuata aliniambia nibaki mjini kumalizia kazi nyingine, yeye atashughulikia vibali. Niliporudi ziwani, Aprili ilikuwa inaisha, nikakuta msingi wa jengo la kwanza umeshafika usawa wa goti. Na ulikuwa umegeuzwa. Haukulala mashariki na magharibi, ulisimama sambamba na barabara, na barabara inafuata ufukwe. Ubavu wote wa jengo ulilitazama ziwa na jua lake la jioni.

Msimamizi wa mafundi alikuwa mzee Otmari, mtu wa Maguu, mwashi hodari. "Shikamoo, baba," nikamwambia, "nani kageuza jengo?" Akaitikia marahaba, akanitazama kwa mshangao. "Ramani ndiyo inavyosema, mwanangu." Akaniletea. Ilikuwa ramani yangu, mistari yangu, hata doa la uji wa mtama lilikuwepo pembeni, kivuli chake kimetoka kwenye nakala. Ila mishale ya dira ilikuwa imefutwa na kuchorwa upya. Baraza zimekatwa. Nafasi ya juu ya dari imezibwa, na pembeni kumeandikwa, "kuzuia popo." Madirisha yamepunguzwa. Na kule chini kwenye kisanduku cha mchoraji, mahali nilipoandika Winfrida kwa herufi nilizozifanyia mazoezi mwaka mzima chuoni, kulikuwa na jina la Longino na saini yake ndefu yenye mkia. Nilisoma kisanduku kile mara nyingi, kama mtu anayesoma barua ya msiba akidhani labda amekosea jina. Mzee Otmari akasema kwa upole, "Lakini si ni vizuri? Watoto watapata jua." Sikuweza kumlaumu. Alikuwa na baridi ileile ndani ya mifupa.

Nilipanda gari siku hiyohiyo. Mhandisi alinisikiliza hadi mwisho, hilo nampa, kisha akaegemea kiti. "Binti, jengo likiipa barabara ukuta mfupi, nani atajua pana shule? Wakubwa wanapita pale. Lazima waone uso." Nikasema joto. Akasema, "Joto watazoea, wamezaliwa nalo." Nikasema jina langu. Hapo akacheka, na si cheko la ubaya, ndicho kinachoniuma, lilikuwa cheko la baba kwa mtoto aliyeomba kuendesha lori. "Jina lako litakuja, usiwe na haraka. Kwa sasa hakuna atakayekubali jengo la serikali lililochorwa na msichana. Nimekulinda." Kisha akaniambia nirudi ziwani nikahesabu saruji. Nilirudi. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikuacha kazi, na jibu ni kwamba ningeacha, angebaki na shule yote. Nilikuwa na karatasi zangu za awali chini ya godoro kwa Bi Zuhura. Nilizilalia miezi mitano, na kila siku nilizidi kuwa mbaya. Nasema mbaya kwa sababu ndilo neno lenyewe. Nilikuwa nikiamka namtakia mabaya, nakula namtakia mabaya. Bi Zuhura aliona. "Umeacha kucheka," aliniambia tukichambua dagaa. "Mtu akiacha kucheka ana jambo analolipika." Nikamwambia sipiki kitu. Akasema, "Haya, basi punguza moto."

Jengo likaisha Agosti, wasichana wa kwanza wakaingia. Mwanzoni mwa Septemba nilikuwa nimekaa nyuma ya choo kipya nikipima bomba, nikawasikia wanazungumza. "Mimi baada ya chakula sioni ubao," mmoja alisema. "Naona nyotanyota." Mwingine akamwambia alowanishe kitambaa avae kichwani, lakini mwalimu wa nidhamu asimwone. Mwingine akasema, "Aliyejenga humu hapendi watoto." Nilibaki nimeshika bomba. Kama mmoja wao angelitaja jina langu wakati ule ningezirai, kwa sababu nilijua ni jengo langu lililolemazwa, na nilijua mtu akiuliza sana ataambiwa binti mmoja wa Kimatengo ndiye alikuwa akizungukazunguka na karatasi. Ndipo nikaamua. Uzinduzi ulikuwa umepangwa mwisho wa mwezi, na Mhandisi, kwa vile nilikuwa mwanamke pekee ofisini, alinipa kazi ya kushughulikia ukumbi, viti na chakula. Alinikabidhi fimbo mwenyewe.

Sherehe ilipangwa ifanyike nje, chini ya maturubai kutoka Mbinga. Nilimpigia mwenye maturubai nikamwambia asije. Nikamwambia Mhandisi maturubai yamekwama, lakini si neno, tutatumia darasa kubwa, na itapendeza mgeni rasmi akizindua jengo akiwa ndani yake. Akaniita binti mwenye akili. Ratiba ilisema saa nne asubuhi, na mimi nilijua, kama anavyojua kila mtu aliyewahi kupanga viti vya sherehe, kwamba mgeni rasmi hafiki kabla ya saa nane. Nikaazima makochi kijijini, yale ya kitambaa kizito chenye manyoya, nikayatandika vitambaa vya kufuma, nikayapanga dhidi ya ukuta wa ziwani. La Mhandisi nililiweka chini ya dirisha, mahali ambapo saa tisa jua lingemfikia shingoni. Sina cha kujitetea. Nilipima kwa rula.

Mgeni rasmi alifika saa nane na nusu. Watu waliingia wakajaa, walimu, wazazi, madiwani, kwaya ya wasichana imesimama ukutani kwa sababu viti havikutosha. Mhandisi alivaa suti nyeusi ya vipande vitatu. Alisimama akasoma risala ndefu, na ndani yake akaeleza jinsi alivyoichora shule ile kwa mkono wake, usiku na mchana, akiwa kitandani anaumwa malaria. Nilisimama mlangoni na trei ya soda, nikasikia. Hata malaria yangu aliichukua. Kama nilikuwa na huruma iliyobaki, iliishia hapo. Saa tisa ikafika, na jengo likaanza kusema ukweli. Kwanza vitambaa vya mfukoni vikatoka. Halafu ratiba zikageuzwa kuwa vipepeo. Jasho lilimtoka Mhandisi puani likadondokea risala, akawa anasoma huku anafuta, anafuta huku anapoteza mstari. Mgeni rasmi akavua koti, msaidizi wake akafungua dirisha, dirisha dogo lile lisiloleta kitu ila mwanga wa ziwa. Mimi nilikuwa nikifurahi. Naandika bila kuficha: nilifurahi kuliko siku ya kupata cheti.

Kisha binti mmoja wa kwaya akaanguka. Jina lake Kordula, kidato cha kwanza, alikuwa amesimama mwisho wa mstari, mgongo umegusa ukuta wa magharibi. Hakupiga kelele, alishuka tu kama nguo iliyoteleza kwenye kamba, na kichwa chake kikagonga ukingo wa kochi nililoliweka mimi. Nikatupa trei, nikambeba nje. Alikuwa mwepesi, wa moto, damu inamtoka juu ya nyusi. Tulimlaza nyuma ya jiko, Mwalimu Asumta akammwagia maji, na alipofumbua macho kitu cha kwanza alichosema ni samahani. Aliniomba mimi samahani. Kwa Mhandisi sijutii hata chembe, lakini kwa Kordula najuta, na kovu lile nimelitazama miaka mingi kila tukikutana, hata yeye amelizoea kuliko mimi. Padri aliniambia kwenye kitubio nimwachie Mungu mambo ya Longino. Nikamjibu nimemwachia, baba, ila sehemu yangu nilikuwa nimeshaifanya. Ya Kordula ndiyo iliyonipeleka kitubioni.

Niliporudi mlangoni, gauni limelowa, mgeni rasmi alikuwa amesimama. Hakuwa na hasira ya maonyesho, alikuwa amechoka na joto na amemwona mtoto akianguka. "Nani amechora jengo hili?" akauliza. Mtu aliyetoka kujisifu kwa malaria alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Mheshimiwa, mimi nilisaini tu. Ramani aliichora huyu binti. Ni mwanagenzi, tunamfundisha." Watu wote wakageuka. Miezi mitano nilikuwa nimelilia jina langu, na sasa alinipa, mbele ya watu mia mbili, likiwa limejaa jasho na damu ya mtoto. Nilitamani ardhi inimeze, halafu palepale nikaona alichokifanya. Amesema mwenyewe, kwa ile sauti yake ya kanisani, kila mtu amesikia. "Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema. "Ramani ni yangu. Ila nilipoichora jengo lilikuwa limelala upande mwingine, na lilikuwa na baraza." Mhandisi akaanza kusema kitu. Mwalimu Asumta akamtangulia kutoka nyuma yangu, mikono bado ina maji. "Niliiona mimi," akasema. "Imo nyumbani kwa Bi Zuhura mpaka sasa. Jengo la pili halijaanza. Lijengwe kwa ile." Mgeni rasmi akatutazama wanawake wawili tuliolowa, akamtazama Mhandisi aliyelowa pia kwa namna nyingine, akasema, "Lijengwe kwa ile. Na asimamie yeye." Kisha akatoka nje kutafuta kivuli, asikipate.

Jengo la pili lilisimama kabla miezi mitatu haijaisha. Mzee Otmari alikuja kwangu asubuhi iliyofuata, kofia mkononi, akauliza kamba zielekee wapi, nikamwonyesha, akapigilia vigingi bila kubisha. Alileta ndugu zake kutoka Maguu kulaza majani, nami nikaleta wanawake kumi na wawili kuchimba. Waliimba Kimatengo mteremko mzima, wakila ugali wa sembe kwa sababu wa muhogo uliwashinda. Wanyasa waliendelea kuuliza ni kuku wangapi wamekufa. Mvua ya kwanza ya Desemba ilipopiga kwa fujo yake, maji yaliingia mashimoni yakakaa, na uwanja wa shule chini ulibaki safi bila mfereji hata mmoja wa tope. Siku hiyo wanawake wa kijiji walipanda kimyakimya kuja kutazama. Bi Zuhura alivua kandambili akatembea juu ya kingo za ngolo, akarudi akaniambia nimchimbie na yeye nyuma ya duka.

Wiki ile ndipo Mhandisi aliposhuka kukagua, kwa kuwa kwa karatasi kazi bado ilikuwa ya ofisi yake. Gari lilimteremsha saa nane mchana likaendelea Mbamba Bay kutafuta dizeli. Mvua ilikuwa imekata siku nne na jua lilirudi na hasira zake. Alisalimia kila mtu kana kwamba hapakuwahi kutokea kitu, akaingia kwenye darasa langu jipya, likiwa bado halina wanafunzi, lina harufu ya udongo na saruji. Nilimwona akisimama katikati. Mwera ulikuwa ukivuma, ukaingia madirisha ya kusini, ukamwinulia tai. Akapapasa ukuta kwa kiganja. Akavuta kiti, akafungua kifungo cha shingo, akanyoosha miguu, na kabla sijamaliza kuzungumza na mzee Otmari barazani, alikuwa amelala, mdomo wazi.

Nilisimama mlangoni nikimtazama. Miezi yote ile nilifikiri kwamba siku atakayoingia mle ataona haya. Nilifikiri kuta zenyewe zitamsuta. Kumbe jengo nililijenga vizuri mno, halikuchagua mtu. Upepo nilioumwa kwa ajili yake, nilioutafutia njia mstari kwa mstari na homa kichwani, ulikuwa ukimpepea yeye kwa upole, na ng'ambo ya uwanja, katika darasa lake, wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wanafanya usafi wa kufunga shule na vitambaa vilivyolowa vichwani. Nikagonga meza kwa rula. Akashtuka, akanitambua, akatabasamu kwa usingizi. "Ah, binti. Umeona? Nilikuambia tutafika. Kazi yetu imetoka vizuri sana."

"Mhandisi," nikamwambia, "gari litachelewa. Kalingojee kwenye jengo lako."

Alicheka. Akautafuta mzaha usoni kwangu, hakuupata. Akamtazama mzee Otmari, na mzee Otmari akainama kuokota kamba ambayo haikuanguka. Basi akachukua koti lake, akauvuka uwanja ule mweupe kwa jua, wasichana wakampisha mlangoni wakatoka nje na mafagio yao, naye akaingia akakaa. Kupitia dirisha langu pana nilimwona vizuri, peke yake, ukuta wa magharibi mgongoni. Mwalimu Asumta akaja akasimama karibu nami. "Mpelekee hata maji, Winfrida," akasema. Nikamwambia, "Mtungi uko jikoni, Mwalimu, na njia anaijua." Hakusisitiza. Niliwaita wale wasichana wakaja kupumzika barazani kwangu. Gari lilirudi saa kumi na moja na nusu. Muda wote huo Mhandisi Longino alikaa mle ndani, na mimi nilivuta kile kiti alichokiacha, nikakiweka upepo unapopita, nikalala usingizi mtamu kuliko wote niliolala mwaka ule.